Bangi ya Tangawizi

Hénock Kalenga hakwenda uwanja wa Flagey siku ile kutafuta mali. Alikwenda kutafuta kiti. Katika mkahawa wa pembeni mwa uwanja, mtu akiagiza kahawa moja ndogo na kuinywa kwa adabu anaweza kukaa tangu saa nne hadi saa nane bila mhudumu kumkunjia uso, na kwa kunywa kahawa kwa adabu Hénock hakuwa na mpinzani Brussels nzima. Alikuwa na miaka arobaini na minne, suti moja ya buluu, viatu vilivyong'aa kuliko hali yake, na sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa kiwanda chake. Kwa sauti hiyo, tangu atoke Lubumbashi, alikwisha kuuza tiketi za bahati nasibu ya gari ambalo daktari mmoja alikuwa ameliegesha tu mbele ya kanisa, na alikwisha kumuuzia Mreno nafasi katika foleni isiyokuwepo.

Meza ya jirani walikaa Wabelgiji wawili, kijana na msichana, wenye makoti ya bei na kompyuta moja kati yao. Walizungumza Kifaransa cha watu waliosomea kutajirika.

"Soko ni kubwa," alisema msichana.

Hénock aliacha kijiko chake kwenye sahani taratibu, asije akakosa neno.

Walikuwa wanazungumzia vinywaji vya bangi. Maji ya bangi, soda ya bangi, chai ya bangi, hata bia isiyo na kilevi ila bangi. Ng'ambo ya bahari, alisema kijana, watu wanavinunua dukani pamoja na mkate. Huku sheria bado inababaika: jani hili linaruhusiwa, lile linakamatwa, na la tatu hakuna anayejua. Siku mlango utakapofunguliwa, atakayekuwa ameshaingia ndiye atakayekula.

"Na sasa hivi ameingia nani?" aliuliza msichana.

"Hakuna mtu."

Wakalipa, wakafunga kompyuta, wakaondoka na baiskeli zao. Walimwachia Hénock mambo matatu: soko kubwa, sheria isiyoeleweka, hakuna mtu. Mwaminifu akisikia hayo matatu pamoja huona hatari. Hénock aliona chakula cha mchana.

Alishuka moja kwa moja hadi kwa Maman Alphonsine, ambaye mgahawa wake wa meza sita uko kwenye kichochoro kinachotoka barabara ya Chaussée d'Ixelles. Maman Alphonsine alikuwa mjane wa kutoka Likasi, mwanamke mpana, mpole, asiyependa kurudia maneno. Juisi yake ya tangawizi ilikuwa ikiamsha watu waliokatiwa tamaa na daktari.

"Maman, niko na kazi ya maana. Unipikie tangawisi, trente litres. Utie na mchaichai, na ndimu. Na majani ya menthe, ile nanaa, ju ikuwe na rangi ya kijani."

"Ni ya ndoa?"

"Apana. Ni ya recherche, ya utafiti."

"Recherche inakunywaka tangawisi?"

"Siku hizi, maman, inakunywaka bintu yote."

Alphonsine alimtazama, akaenda kutafuta sufuria kubwa. Bei ilipotajwa, Hénock alimshika mikono yote miwili kama mtu anayetoa pole msibani. Pesa, alisema, ni kitu kidogo mno kwa mtu kama yeye. Angempa kitu kinachokua. Angempa Koekelberg.

"Koekelberg ya nini?"

"Droits exclusifs, maman. Muntu yeyote mwenye atauzisha hii boisson mu Koekelberg, weye njo mukubwa yake."

Kwa hiyo Maman Alphonsine alipika lita thelathini na kulipwa kwa wilaya moja ya Brussels, ambayo Hénock hakuwahi kuikanyaga. Historia imeshuhudia mikataba ya namna hiyo, na mara nyingi aliyepewa karatasi ndiye aliyekuwa amepika.

Chupa zilikuwa ndogo, za kahawia. Lebo zilichapishwa kwa dhahabu: KATANGA CALME, utulivu wa Katanga. Katikati palichorwa jani la vidole vingi, ambalo kila mzungu angeapa kuwa ni bangi na kila mtu wa Katanga angeona kuwa ni sombe, majani ya muhogo. Hénock alilichagua makusudi. Polisi wakija, ni mboga.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, aliwakusanya watu katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa parokia, alichokiomba kwa ajili ya "semina ya afya ya familia". Walikuja wachache, maana alialika wachache. Alijua kwamba mtu anayeona wenzake wengi huanza kuuliza maswali. Alikuwepo Tonton Tharcisse, kiongozi wa kwaya, mwenye kupakia mizigo uwanja wa ndege na kuhubiri asipoombwa. Alikuwepo Graciella, mwenye duka la nywele bandia. Na alikuwepo Papa Etienne, mzee wa Kibelgiji wa Ganshoren, aliyefanya kazi miaka kumi na tisa katika ofisi za mgodi huko Likasi na kurudi na Kiswahili, maumivu ya goti na kadi nyingi za posta.

Hénock aliwasha mashine ya picha. Ukutani ukatokea mstari mwekundu uliopanda kutoka pembe ya chini hadi ukatoka nje ya fremu.

"Hii ni nini?" aliuliza Tharcisse.

"Potentiel. Faida yenye itakuya."

"Mbona inapita mpaka ku plafond, ku dari?"

"Njo vile niko nawaambia, tonton. Plafond iko mufupi."

Walicheka, lakini Graciella alikuwa ameshatoa kalamu. Hénock aliwaeleza taratibu kwamba dunia inachoka. Watu wamechoka pombe, wamechoka vidonge, wamechoka wenyewe kwa wenyewe. Wanataka kutulia bila kulala. Ndani ya chupa hii, alisema akiinyanyua kwenye mwanga, kuna jani.

"Jani gani?" aliuliza Tharcisse.

"Jani."

"Hénock. Sema."

"Bangi, tonton. Lakini ya kisheria."

Tharcisse alipiga ishara ya msalaba, kisha akauliza kwa sauti ya chini kidogo kuliko ya kwanza, "Si ni zambi?"

"Kuvuta njo zambi. Kunywa ni boisson."

"Alors, na faida iko pour cent ngapi?"

Hivyo ndivyo dhambi ilivyotoka nje ya chumba kile, na haikuonekana tena siku hiyo.

Kisha wakaonja, na hapo Hénock mwenyewe alishangaa. Tharcisse alimaliza chupa, akautazama mguu wa meza, akaanza kucheka. "Unasimama tu," aliuambia mguu wa meza. "Tangu asubuhi unasimama tu!" Graciella alisema mikono yake imekwenda mbali lakini hana haraka nayo. Papa Etienne alikunywa nusu, akafumba macho, na machozi yakamtiririka mashavuni mpaka kwenye tai. Hénock aliigeuza chupa yake, akasoma lebo aliyoitunga mwenyewe, na kwa nukta moja akaiheshimu.

Mlangoni alisimama Maman Alphonsine na kreti ya pili mikononi. Alimtazama Tharcisse anayecheka na meza. Alizitazama chupa. Sufuria aliiosha mwenyewe na tangawizi alizimenya mwenyewe, moja moja. Aliweka kreti chini, akaondoka bila kuaga.

Biashara ilifanyika papo hapo. Hénock alitandaza ramani ya Brussels na wilaya zake kumi na tisa, akatoa rula na kalamu nyekundu. Papa Etienne aliitazama rula ile ikipita juu ya nyumba za watu wasiojua lolote, akatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka kazi ya zamani. Graciella alichukua Ixelles. Tharcisse alichukua Anderlecht. Etienne akaomba kwake, Ganshoren.

"Kule beko bazee tu," alisema Graciella.

"Na magoti ya bazee inaumaka!" Hénock alijibu. "Ganshoren ni mine, papa. Mine à ciel ouvert, mugodi ya wazi."

Kila wilaya ilikuwa deux mille, euro elfu mbili. Katika wiki tatu aliuza kumi na moja. Watu waliokuwa wakibishana naye bei ya viazi walimletea bahasha. Shemasi mmoja alinunua wilaya mbili na kuomba risiti iandikwe "chai". Wote walijua ni jambo la kificho kidogo, na kificho hicho ndicho kilichowafanya waliamini; mtu akiamini kwamba anamzunguka mwingine, hageuki kutazama nyuma yake.

Jambo moja tu lilimkera Hénock. Graciella alipomletea bahasha yake alisema, "Hii ni ya tiketi na viza ya Tatiana. Miaka ine mutoto wangu anakaa na shangazi ku Lubumbashi. Lakini umesema mu mwezi moja inakuwa mara mbili, ni vile?"

"Ni vile," alisema Hénock.

Alilirudia neno hilo njiani mpaka alipofika kituo cha tramu. Alifikiri kurudi. Tramu ikaja ikiwa na viti vitupu, jambo lisilotokea kila siku, akapanda.

Mpango wake ulikuwa kuhamia Paris kabla mwezi haujaisha. Alikuwa ameshatazama vyumba. Ndipo simu ikalia.

Mtu upande wa pili alizungumza Kifaransa kigumu cha Mflemi, Mbelgiji wa kaskazini. Aliitwa Pieter-Jan. Alikuwa anawakilisha familia moja ya Antwerpen inayotengeneza limonadi tangu zama za mababu zao, nayo ingependa kuingia katika soko jipya kabla mlango haujafunguka. Je, Monsieur Kalenga ana nafasi?

Monsieur Kalenga alikuwa na nafasi. Walikutana Flagey. Pieter-Jan alikuwa mtu mwembamba wa miaka arobaini na kitu, miwani ya duara, viatu vyenye ncha, na mkoba wa ngozi ambao hakuufungua hata mara moja. Alionja Katanga Calme, akaizungusha mdomoni kama divai.

"Sterk," alisema kwa lugha yake, yaani kali, na akatoa kitambaa kujifuta jasho.

Kisha akaandika namba kwenye karatasi ndogo na kuisukuma mezani. Hénock aliisoma, akaikunja, akaikunjua, akaisoma tena. Cent quarante mille: euro laki moja na arobaini elfu.

"Laboratoire?" aliuliza Hénock, kwa sababu kupimwa kwa kinywaji maabara ndiko kulikokuwa kukimtisha.

Mflemi alitikisa mkono kama anafukuza nzi. "Baada ya sahihi. Familia haina haraka na laboratoire. Ina haraka na soko."

Hapo Hénock akampenda. Tapeli akimpenda mteja ni vizuri aende nyumbani akalale, lakini hakuna aliyekuwepo wa kumwambia.

"Kuna sharti moja," aliendelea Pieter-Jan. "Hatujadiliani na watu kumi na moja. Wilaya zote lazima ziwe mkononi mwako peke yako. Mmiliki mmoja. Na wao wasijue kitu, maana wakijua watapandisha bei."

Kesho yake asubuhi Hénock alianza kuzunguka mji akinunua alichokiuza. Alidhani watu wangemkumbatia. Alisahau kwamba alikuwa amewafundisha mwenyewe.

"Kuuzisha Ixelles?" alisema Graciella, akichana nywele bandia juu ya kichwa cha plastiki. "Hénock, weye njo ulisema plafond iko mufupi. Mi nangojea ipasuke."

"Nitakupa trois mille, elfu tatu."

"Cinq. Elfu tano."

"Graciella! Ni pesa yako ya Tatiana, si unataka mutoto akuye?"

"Njo ju ya ile nasema cinq."

Tharcisse aliomba siku mbili za kufunga na kusali, na Roho alimfunulia sita. Shemasi alitaka bei mbili kwa sababu ana wilaya mbili, kisha akataka ya tatu kwa usumbufu. Maman Alphonsine, aliyelipwa Koekelberg kwa kupika, hakubishana hata kidogo. Aliandika bei kwenye kipande cha bili ya mgahawa, akamkabidhi, akaendelea kukaanga samaki. Hénock aliposoma alidhani amekosea nukta.

Papa Etienne ndiye aliyekuwa mbaya kuliko wote. Alimkaribisha Hénock sebuleni kwake Ganshoren, kati ya vinyago na kadi za posta, akampa biskuti mbili.

"Kijana, Ganshoren iko kimya," alisema kwa Kiswahili chake cha zamani. "Kimya iko bei kali. Mimi nataka dix mille, elfu kumi."

"Papa, ulinunua deux!"

"Kule Likasi mimi nilikuwa bureau ya kununua. Miaka kumi na tisa. Kununua kidogo, kuuza mingi. Sasa weye unanifundisha?"

Hénock alilipa. Bahasha zote alizopokea zilirudi zilikotoka, kisha zikafuatwa na akiba yake, kisha na pesa ya chumba cha Paris, kisha na Mercedes yake kuukuu, iliyokuwa imelala gereji kwa miezi, ambayo Mustafa wa gereji aliinunua kwa uso wa huruma na bei isiyo na huruma. Ijumaa jioni alikuwa mfalme wa wilaya kumi na mbili na hana nauli ya tramu. Lakini alilala vizuri. Hata alifikiri kwamba, akishapata zile laki, angemtumia Tatiana zawadi. Saa ndogo, labda.

Jumatatu, saa nne kamili, alisimama mbele ya jengo la vioo kwenye anwani aliyopewa na Pieter-Jan kwa ajili ya sahihi. Mlangoni kulikuwa na kengele kumi na nne. Wanasheria, madaktari wa meno, mtaalamu wa miguu. Limonadi hakuna. Alipiga simu: namba haipo. Alimuuliza mtaalamu wa miguu, ambaye alitazama viatu vyake na kumpa kadi. Alisubiri hadi saa tisa, akimtetea Pieter-Jan moyoni kwa sababu moja baada ya nyingine, foleni ya barabarani, ugonjwa, kifo katika familia. Familia kubwa, wazee wengi. Mwisho njaa ikashinda matumaini, naye akashuka kwa miguu hadi kwa Maman Alphonsine, akiamini kwamba atapewa sahani kwa heshima ya zamani.

Mgahawa ulikuwa umejaa. Tharcisse alikuwepo, na Graciella, na shemasi, na Papa Etienne ameketi karibu na mke wake, Madame Els, bibi mwembamba wa Kiflemi. Na katikati yao, mikono imekunjuliwa hadi kwenye viwiko, akifinyanga bukari, yaani ugali, kwa vidole na kuichovya kwenye sombe, alikaa Pieter-Jan.

"Karibu, tonton Hénock," alisema Pieter-Jan. "Kamata kiti. Sombe iko ya moto."

Hénock alishika fremu ya mlango.

"Weye... unasemaka Kiswahili?"

"Nilizaliwa Likasi. Nilitoka kule na miaka kumi. Hukuniuliza."

"Ni mutoto yangu," alisema Papa Etienne kwa fahari isiyofichika. "Anafundisha mathématiques. Jioni anacheza théâtre, maigizo, na bazee ya Ganshoren."

Hénock aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akitafuta mtu wa kumwonea aibu. Hakumpata. "Papa," alisema, "weye ulilia. Nilikuona na macho yangu. Ulikunywa, ukalia!"

"Nililia kabisa. Els alikuwa anapika mchaichai vile, kule, kila jioni. Mimi sikujua kama haina bangi. Maman Alphonsine njo aliniambia kesho yake."

Maman Alphonsine alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye aproni.

"Ungenilipa tangawisi yangu," alisema, "ningenyamaza. Mi si polisi. Lakini ulinipa Koekelberg. Halafu nikasikia ya Tatiana." Akaweka sahani mezani, ya mtu mwingine. "Mutoto anakuya mwezi kesho. Tiketi tayari."

"Mumeniiba!"

"Nani alikuiba? Uliuzisha, ukanunua. Commerce. Sasa weye njo mwenye Brussels yote, Hénock. Enda ukauzishe."

Graciella hakucheka. Alimtazama tu, na hilo ndilo lililomtoa mlangoni.

Alitembea haraka, moto kichwani, kuelekea kituo cha polisi. Kuna sheria katika nchi hii! Njiani alianza kutunga maelezo yake, kama alivyotunga mengi. Bwana askari, nimetapeliwa na mtu aliyejifanya kununua kinywaji changu cha bangi. Hapana. Bwana askari, kinywaji hakikuwa na bangi, ila niliwauzia watu kikiwa nayo. Hapana, hapana. Bwana askari, nilinunua haki ambazo hazipo kutoka kwa watu niliowauzia mimi. Alijaribu kwa Kifaransa, akajaribu kwa Kiswahili, akajaribu kuanzia mwisho. Katika kila namna, mtu aliyefungwa pingu alikuwa amevaa suti ya buluu.

Lakini miguu ilikuwa imeshaingia, na askari wa kike mwenye miwani alikuwa ameshanyanyua uso.

"Nikusaidie nini, bwana?"

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Hénock alifungua mdomo na sauti haikutoka.

"Nimepoteza..." alisema, akatazama huku na huku, akaona mvua imeanza dirishani. "Nimepoteza mwavuli."

"Mweusi?"

"Mweusi."

Askari alikwenda chumba cha nyuma, akarudi na mitatu, yote meusi, akaipanga juu ya kaunta. Mmoja ulikuwa na mpini wa mti uliozungushiwa pete ya fedha. Hénock aliugusa kwa upole wa mtu aliyekutana na ndugu.

"Huu," alisema. "Wa marehemu baba."

Akatia sahihi, akashukuru, akatoka. Mvua ya Brussels ilikuwa ikinyesha kama kawaida yake, bila hasira na bila nia ya kuacha. Kwenye kituo cha tramu alisimama bibi mmoja wa makamo mwenye kofia ya sufu iliyolowa, amejifunika mfuko wa mboga. Aliutazama mwavuli, akautazama tena.

"Mwavuli mzuri, bwana."

"Kazi ya mkono, madame," Hénock alisema, na sauti ikarudi yote, laini, ya moto kidogo. "Fundi wake ameshastaafu. Shika mpini. Unasikia uzito? Mti huo hawaukati tena."

Bibi alishika. Tramu ilikuwa inakuja. Dakika moja baadaye alipanda na mwavuli wake, na Hénock akabaki kituoni na noti ya ishirini mkononi, maji yakimtiririka ndani ya kola ya suti ya buluu. Watu wengine wanne walikuwa wamesimama pale, wote wamelowa.

Akawahesabu. Kisha akageuka, akatazama mlango wa kituo cha polisi. Ndani ilikuwa imebaki miavuli miwili.